Nusu Nauli ya Lilly

...na hata wakipitia Entebbe bado haisaidii, kwa sababu viza inatolewa Khartoum, na mtu hawezi kupanda kaskazini kufuata viza halafu ateremke tena kusini kufuata ndege, huko ni kujichosha bure, basi iwe Khartoum, Cairo, Roma, halafu treni mpaka Verona, njia ile ile ambayo Teresa aliiandika kwenye daftari mwezi wa tano, akaifuta, akaiandika tena, na sasa Griffin, Mkenya wa tiketi, anaisoma kwa sauti huku ameibana simu begani, siti nne, wiki ya mwisho ya Novemba, kwenda na kurudi, na watu wa shirika la ndege upande wa pili wamemwekea muziki asubiri, muziki mwembamba wa kinanda unaovuja kwenye simu na kumezwa na jenereta la duka la jirani, na Griffin anaifunika simu kwa kiganja na kuuliza, "Mama Jubek, huyu msichana ana miaka mingapi? Niandike mtoto ama mtu mzima?" ...miaka mingapi, swali jepesi kabisa, mama yeyote hapa mtaani Hai Jalaba angelijibu huku anachagua nyanya, lakini Teresa anainua macho na kuitazama feni, feni ambayo haipunguzi joto, inalihamisha tu kutoka kona hii kwenda ile, "Ngoja kidogo, Griffin, mimi iko nafikiri," na Griffin anacheka kwa adabu, "Fikiria tu, mama, hawa wenyewe bado wananipigia kinanda, lakini saa sita hizi siti wanaziachilia," na saa ya ukutani inaonyesha saa tano na dakika kumi, dakika hamsini basi, dakika hamsini za kufikiria jambo ambalo amelikwepa miaka kumi.

Pointi, yule kawaja, mzungu wa kontena namba tisa, alimwambia, mama wa Kidenishi mwenye viatu vya kamba, mteja wa hoteli yao ya makontena pale mtoni ambako Teresa ni msimamizi wa dobi, alimkuta anaanika mashuka akamwambia kwa moyo mweupe kabisa, safari ya Ulaya na watoto si ghali, Teresa, tumia pointi zako tu, na Teresa akauliza pointi gani, na yule mama akaeleza kwamba ukilipa kwa kadi unapata pointi, ukipanda ndege unapata pointi, pointi zikijaa unapanda bure, yeye mwenyewe hajalipa nauli tangu mwaka juzi, na Teresa akacheka mpaka vibanio vikamtoka mikononi, si kwa dharau, ila hebu fikiria, Juba hii ambayo mshahara unaupokea mkononi na kuukunja kwenye mfuko wa nailoni, kadi ya nini, uichomeke wapi, na ndege yenyewe hajaipanda hata siku moja, safari yake kubwa ni lori lililowarudisha kutoka Uganda mwaka wa amani, na lori haligawi pointi, linagawa vumbi... lakini kadi aliwahi kuwa nayo, hilo hakumwambia yule mama, kadi ya posho ya kambi ya wakimbizi, ngumu, ya manjano, yenye majina manne, na kila siku ya kugawa chakula karani aliitoboa tundu moja pembeni, kipande cha karatasi kikaanguka chini, na kwa tundu lile ulipata mahindi, maharage na mafuta ya watu wanne, hakuna hata kikombe cha mtu wa tano... si sasa, Teresa, fikiria safari kwanza, safari.

Safari imepangwa vizuri, asijidharau, bila pointi hata moja imepangwa kuliko ya wenye pointi, kwanza malazi, malazi ni bure, Sista Agnese, yule wa zahanati ya kambini, amesema nyumba yao ya masista wazee karibu na Verona ina vyumba viwili havina mtu na jiko wanaweza kutumia, basi watabeba bamia kavu na siagi ya karanga, na siku ya kwanza masista watakula mchuzi wa Juba wapende wasipende, pili ni msimu, Novemba wageni wamekwisha na bei imelala, baridi ipo, ndiyo, lakini makoti alishayapata kwenye mitumba ya Konyokonyo, na Lilly alilijaribu lake palepale sokoni kwenye joto la kuivisha mayai, akafunga vifungo vyote mpaka kidevuni, akatembea mbele ya wauza samaki mikono mifukoni huku jasho linamtiririka, watu wakacheka, yeye akacheka zaidi, tatu ni Emilio, kila mke na apewe mume kama Emilio, karani wa kuhesabu magunia bandarini, ambaye aliposikia bei ya ndege ya kutoka hapa mpaka Khartoum alizunguka bandarini siku mbili, siku ya tatu akaja na jibu, yeye na Jubek watatangulia na tishari la mizigo mpaka Kosti, huko kaskazini, wiki mbili juu ya magunia, manahodha wote anawajua, kutoka Kosti ni basi, na hapo nauli mbili zimeokoka, na Jubek ana miaka kumi na saba na hajawahi kukaa na baba yake wiki mbili mfululizo bila mtu kumtuma dukani, heri tupu, nne, mjini watatembea kwa miguu, watayatazama majumba kwa nje maana kwa nje hayana kiingilio, na tano... tano ni Lilly, aliye chini ya miaka kumi na miwili hulipa nusu, na nusu ile ndiyo inayoifunga hesabu yote, ikiwepo wanakwenda wanne, isipokuwepo mmoja anabaki nyumbani, ndiyo sababu ni Novemba na si baadaye, kwa sababu tarehe mosi Januari Lilly anatimiza kumi na mbili, kwa karatasi, yeye na Teresa na Emilio na Jubek na mwalimu mkuu na padri msaidizi, nusu ya Juba inazeeka siku moja, maana karatasi za watu wote ziliungua au ziliachwa porini, na daktari wa kukadiria umri anakutazama meno, anakuuliza mama yako anasemaje, anaandika mwaka, na mbele ya mwaka anaweka tarehe mosi Januari, kalas, basi, umezaliwa.

"Mama Jubek," Griffin anasema, taratibu sasa, simu bado iko sikioni, "mimi sisemi kitu, sawa? Lakini Ijumaa alipoleta picha nilimwona. Msichana ananifika hapa," anajigusa sikio, "na wale wa ubalozi wana macho. Mimi naandika chenye unaniambia. Lakini nikishaandika hapa, kesho daktari anafuata hii, pasipoti inafuata daktari, na kila kitu huko mbele inafuata pasipoti," na Teresa anasema, "Najua, Griffin," na kweli anajua, anajua kuliko Griffin, hakuna mtu Hai Jalaba anayejua kama yeye jinsi karatasi moja inavyozaa nyingine, yeye aliianza kwa Ijumaa moja tu, ilikuwa iwe Ijumaa moja tu... Lilly wa kwanza, wa tumbo lake mwenyewe, alikuwa na mwaka mmoja na miezi, surua, kambi nzima ilikuwa na surua, Jumanne asubuhi Sista Agnese alimshika pale zahanati mpaka mwisho kwa sababu mikono ya Teresa ilikuwa imeacha kufanya kazi, Sista ndiye aliyemwosha, Emilio na katekista wakamzika nyuma ya kanisa la makuti, na Jumapili ya wiki ile ile, kabla udongo haujakauka, mtu akafika kwa baiskeli kutoka ng'ambo ya mpaka, kamfunga mtoto kwenye kiti cha nyuma kwa kanga, binti wa Poni, dada yake Teresa, Poni aliyekuwa amefariki wiki tatu kabla na hakuna aliyeweza kuleta habari, mtoto wa karibu miaka mitatu, kimya, magoti yamejaa vumbi, na mgeni hakuandikwa kwenye kadi mpaka maafisa waje kuandikisha upya, miezi minne, labda mitano, na mtoto huyu hakuwa na miezi mitano ndani yake, mifupa ilihesabika, basi Ijumaa ya posho Teresa alimbeba mgongoni akasimama kwenye mstari, na karani akasoma, Emilio, Teresa, Jubek, Lilly, akamtazama mtoto, akaitazama kadi, "Huyu ndiyo ana mwaka mmoja?" na Teresa akasikia sauti yake mwenyewe ikisema, "Amekula vizuri," na mstari mzima ukaangua kicheko, watu wenye njaa wakicheka neno kula vizuri, na karani naye akacheka, akatoboa kadi, na kile kipande cha karatasi kikaanguka.

Ijumaa moja... halafu ya pili, halafu shule ikaandikisha kwa kufuata kadi, zahanati ikafuata kadi, na lori la kurudi nyumbani likapakia watu kwa kadi, na Emilio alimwita mtoto Lilly kwa sababu Teresa alimwita Lilly, na Teresa alimwita Lilly kwa sababu karani anaweza kuwa anasikia, na mtoto akaitika, alikuwa mtoto mwenye njaa, jina lililokuja na uji aliliitika... na yule mwingine, mdogo, hakuliliwa, hili ndilo linalomkaba Teresa hata leo, hata hapa mbele ya Griffin na kalamu yake, hakukuwa na matanga, ungefanyaje matanga ya kichwa ambacho bado kinakula kwenye kadi, ungemliliaje Lilly asubuhi na jioni usimame mlangoni uite Lilly, njoo ule, alikimeza kile kilio chote na hakijashuka mpaka leo, na huyu aliye hai anampenda, asije mtu akasema hampendi, anampenda mpaka anaogopa, ila kuna siku anamwita jina na kati ya kuita na kuitikiwa anasubiri watoto wawili... na yule mkubwa je, yeye aliibiwa nini, siku moja sokoni, akiwa na miaka mitano hivi, mwanamke wa Kiganda alipaza sauti kumwita mtu mwingine kabisa, muuza mihogo fulani, "Janepher! We Janepher!" na mtoto aliyekuwa ameshika mkono wa Teresa akageuka, mwili mzima, akageuka, na Teresa akamvuta mkono wakaendelea kutembea, hawakununua hata chumvi siku ile, na mtoto hakuuliza, hakuwahi kuuliza.

Isipokuwa leo, leo asubuhi kabla ya shule, amekaa chini katikati ya magoti ya Teresa anasukwa, kichwa kimeinama, akauliza kwa sauti ya kawaida tu, "Mama, huko Italia nitakuwa na miaka mingapi?" ...nitakuwa, hakusema nina, alisema nitakuwa, na vidole vya Teresa vikasimama kwenye nywele, msichana ambaye ameanza kufua nguo zake mwenyewe kwa siri tangu mwezi wa sita, anazianika ndani ya foronya mama asione, kana kwamba mama yake si msimamizi wa dobi, na Teresa akasema, "Kumi na moja," na msichana akasema, "Sawa," hivyo tu, sawa, kama mtu aliyeonyeshwa kikombe cha kunywea maji, akainuka, akachukua mkoba, akaenda shule Kator... anajua, ee Mungu, anajua, si yote labda, lakini anajua kwamba ana miaka ya kuvaa na miaka ya kuvua, na ameamua kumsaidia mama yake kuibeba, ni nani aliyemfundisha hivyo kama si yeye Teresa, kwa kunyamaza kila siku mbele yake.

Na barua, barua iko mkobani, chini ya daftari, Teresa anaigusa kwa nje ya ngozi, barua ya Sista Agnese na nyingine ya kumjibu, Sista ana miaka themanini na miwili na mwandiko wake umeanza kupanda mlima, lakini akili ni ile ile, aliandika njooni wote, njooni nikiwa bado natembea, na mstari wa mwisho akaandika, mniletee na Janepher nimwone alivyokua, Janepher, ameliandika wazi, kwa wino, jina ambalo halijatamkwa nyumbani kwa Teresa tangu ile Jumapili ya baiskeli, na Teresa alikaa wiki tatu na jibu, amelipima kila neno, Sista mpendwa, tutakuja, bamia tutabeba, ila ninakuomba, mbele ya mtoto umwite Lilly... na hakuitia posta, anaitembeza tu mjini, kutoka hoteli hadi Kator, kutoka Kator hadi hapa, na sasa hivi, kinanda kile kile kikianza upya kwa mara ya nne simuni, Teresa anaiona safari yake yote ilivyo, anaiona kwa mara ya kwanza, miezi minne ya kufuta na kuandika, tishari, makoti, bamia, Novemba badala ya Januari, ujanja wote huu mzuri wa kumfikisha mtoto kwa mtu mmoja peke yake duniani anayelikumbuka jina lake, na wakishafika mlangoni, mtu huyo aombwe anyamaze... hii si safari, Teresa, huu ni mstari wa posho tena, umembeba mgongoni tena, amekuwa mrefu miguu inaburuzika chini na wewe bado unamwambia karani amekula vizuri.

Na kama ni hivyo, basi nani abaki, Emilio alishasema juzi alipoona anavyoigeuza geuza ile nusu nauli, alisema bila kuinua macho kwenye sahani, "Mimi nimezoea mto, Teresa, mto hautanikimbia, mkikosa nafasi mimi nitabaki na magunia yangu," na yeye alikasirika, akamwambia acha kujitoa sadaka kabla hujaombwa, lakini hakuwa anajitoa sadaka, alikuwa anamfungulia mlango, mwanamume yule, ndivyo alivyo, hasemi fanya, anasogeza tu kiti ili upite, basi Jubek atapoteza tishari lake na atanuna, na zile wiki mbili na baba yake hazitakuwepo, hilo linauma, linauma kweli, nauli ya ukweli ni kubwa na ni Jubek na Emilio watakaoilipa pamoja naye... lakini siku ile, siku ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni, mwaka wa tisini na sita, wakati Poni bado alikuwa naye kambini, ni Teresa aliyempokea mtoto mikononi, kengele ya misheni inalia misa ya pili, Poni akacheka katika uchungu wake akasema, wanampigia huyu, na mwezi jana siku hiyo hiyo Teresa alikuwa kanisani Kator, msichana yuko kwenye kwaya mstari wa nyuma kwa sababu ya urefu, na Teresa akamtazama akasema moyoni, kumi na tatu leo, na baada ya misa akamnunulia soda ya machungwa na msichana akauliza, "Ya nini, mama?" akamjibu, "Ya joto," ya joto, Mungu amsamehe, katika mji huu wa tarehe mosi Januari huyu peke yake ana siku yake mwenyewe, kengele zake mwenyewe, na mama yake anamwambia ni ya joto.

"Mama Jubek?" Griffin anasema, kalamu juu ya fomu, na Teresa anasikia sauti yake mwenyewe tena, kama siku ya mstari, lakini safari hii anaitambua, "Andika, Griffin. Kumi na tano, mwezi wa nane, tisini na sita," na kalamu inashuka, inasimama, "Agosti?" Griffin anasema, na anatabasamu kwa mshangao kabisa, "Walai, mama, miaka mitatu niko Juba, sijawahi kuandika mtu wa Agosti," halafu tabasamu linapungua kidogo kidogo kwa kuwa ni mtu wa hesabu, "Lakini hiyo sasa ni mtu mzima. Siti nne haziwezi," na Teresa anasema, "Iko tatu. Mzee atabaki, alisema mwenyewe," na Griffin anaandika, anafuta nne anaweka tatu, "Sawa, na jina niweke Lilly, sivyo?" ...na hapo ndipo Teresa anashika ukingo wa meza, kwa sababu kinywa kilikuwa tayari kusema lile jingine, jina la baiskeli, jina la sokoni, alikuwa amelishika kabisa ulimini na kuona fahari kwamba amethubutu, na ghafla anaona kwamba angefanya kosa lile lile mara ya pili, angemwandika tena mtoto mgongoni mwake bila kumgeukia kumwuliza, maana huyu ameishi Lilly miaka kumi, amelicheka, ameliimba, ameliandika kwenye madaftari yake yote kwa mapambo, nani kasema hataki kubaki nalo, na nani kasema anataka, na yule mdogo nyuma ya kanisa la makuti anadai nini, labda anadai jina lake lirudi aliliwe, labda anafurahi kwamba linatembea kwa miguu mirefu, hilo nalo Teresa hawezi kuliamua kwa kalamu ya mtu mwingine, "Jina wacha kwanza," anasema, "mwenyewe iko shule, hapo Kator tu. Naenda kumuuliza, narudi kabla ya saa sita."

"Kumuuliza jina lake?" Griffin anasema, simu sikioni, na si dhihaka, anauliza kweli, na Teresa anasema, "Ndiyo, mimi sikumuuliza," na anafungua mkoba kutafuta pesa ya bodaboda, na mkono unakutana na ile barua ya kumwomba Sista anyamaze, anaitoa, anaitazama, anaikunja mara mbili na kuiweka chini ya mguu wa meza ya Griffin ambao umekuwa ukicheza tangu alipoingia, na meza inatulia, na feni inalihamisha joto, na simuni kinanda kinaanza upya.